Marefa Wawili wa Uwanja wa Lukole

Mwalimu Philbert alikuwa mfupi, mwenye miguu iliyopinda kidogo, na uwanjani alikimbia kinyumenyume karibu nusu ya mchezo, kwa kuwa aliamini kwamba refa hapaswi kuupa mpira mgongo hata kwa sekunde moja. Watu wa Ntobeye walimcheka kwa mbio hizo, lakini hakuna aliyewahi kumwona akianguka. Siku za kazi alifundisha hesabu shule ya msingi. Jumamosi na Jumapili alivaa jezi nyeusi yenye kola nyeupe, akapanda baiskeli, akaenda kuchezesha popote alipoitwa, na mimi nikamfuata nyuma na kibendera changu.

Mimi ni Privatus, fundi seremala. Nilikuwa mshika kibendera wake kwa miaka tisa, si kwa sababu nazijua sana sheria za mpira, bali kwa sababu alinikuta kilabuni nabishana juu ya goli la kuotea, akaniambia kama nina mdomo mrefu kiasi hicho basi nije nitumie na mkono. Nasema hivi ili nisidhaniwe mtaalamu. Niliyoyaona niliyaona nikiwa pembeni ya uwanja, na mengine niliambiwa na mkewe, Agripina, ambaye hasemi uongo ila hupenda kuongeza chumvi.

Philbert alikuwa refa wa daraja la tatu. Cheti chake nilikitengenezea fremu mimi mwenyewe, ya mninga, naye akakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi, jambo ambalo Agripina hakulipenda hata siku moja. Alichokitaka maishani kilikuwa daraja la pili. Mwenye daraja la pili aliweza kuitwa Bukoba kuchezesha ligi ya mkoa, akalala mjini, jina lake likasomwa kwenye orodha. Tuliambiwa wakati ule kwamba ukifikisha miaka arobaini na mitano hujapanda, huhesabiwi tena. Mwaka 1998 alikuwa anatimiza miaka arobaini na miwili. Mbele za watu alisema daraja litakuja lenyewe, hana haraka. Nyumbani aliulizia barua kila basi la kutoka mkoani lilipofika.

Mwaka huo ndio Shilinde alivunjwa mguu.

Mechi ilikuwa Lukole, kwenye kambi ya wakimbizi waliovuka mpaka, kwenye uwanja wa changarawe nyekundu ambao mistari yake ilichorwa kwa majivu. Majivu kambini hayakuwa shida. Shida ilikuwa kuni. Ntobeye walicheza na vijana wa sekondari ya kambini, na siku hizo hatukuwa tukipendana. Wao walisema tunawanyima kuni na kuwauzia mihogo kwa bei ya wizi. Sisi tulisema mihogo yenyewe wanaing'oa kabla hatujaiuza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepoteza matuta mawili wiki ile, kwa hiyo sikwenda pale na moyo mweupe, na sitajifanya kwamba nilikuwa nao.

Shilinde alikuwa mshambuliaji wetu, mtoto wa Kisukuma aliyehamia na mama yake kutoka upande wa Biharamulo, mwenye mbio za ajabu. Dakika ya sitini hivi alipiga shuti, kipa wa kambini akadaka, akaubutua mpira mbali kuelekea goli letu. Wote tukaenda na mpira. Wachezaji waligeuka nao, Philbert aligeuka nao, hata watazamaji wote waligeuza shingo upande mmoja. Nyuma yetu ukasikika mlio wa kuni kavu ikivunjwa. Tulipoangalia, Shilinde alikuwa chini, mguu wake umekaa vibaya, na mabeki watatu wa kambini wamesimama karibu naye, kila mmoja ameinua mikono juu.

Philbert alipuliza kipenga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya, maana hakujua ampe nani kadi. Alinifuata mimi, nilikuwa upande wa pili, sikuona. Alimfuata mshika kibendera mwenzangu, wa kambini. Naye akasema alikuwa anaufuata mpira. Vijana wa kambini wakasema Shilinde kateleza. Watu wa Ntobeye wakapiga kelele, "Refa umelala!" kisha mawe yakaanza, na askari wakaingia.

Mguu uliunga, lakini uliunga mfupi. Baada ya miezi mitatu mama yake Shilinde, Kalista, aliyekuwa akiuza dagaa mnadani, alipita shuleni na beseni lake kichwani. Nilikuwa pale natengeneza madawati.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, mama Shilinde. Kijana anaendeleaje?"

"Anatembea. Nimekuja kuuliza ni nani aliyemvunja."

"Sijui, mama."

"Si wewe ndiye ulikuwa refa?"

"Ni mimi."

"Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

"Mpira," akasema Philbert.

Kalista aliliweka sawa beseni kichwani. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo basi alikuwa ameiacha nyumbani. "Watoto walikuwa ishirini na wawili," akasema. "Mpira ulikuwa mmoja."

Akaaga, akaenda zake mnadani. Philbert alirudi darasani, lakini nilimsikia kupitia dirisha akiwapa watoto zoezi lile lile mara mbili.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuchora. Alichora uwanja ubaoni, alichora kwenye karatasi za mitihani ya zamani, alichora chini kwa kijiti akinisubiri nimalize chai. Kila mara mchoro ulikuwa ule ule: refa mmoja, mpira, na nyuma ya refa duara kubwa. "Privatus," aliniambia, "nikiuangalia mpira, nyuma yangu wanabaki watu kumi na wawili, kumi na wanne. Wanafanya wanachotaka. Sasa nikiwaangalia wao, nani ataangalia mpira?" Nikamwambia ndiyo maana Mungu alituumba sisi washika vibendera. Aliniangalia kwa namna ambayo mpaka leo sijaisamehe.

Jibu lake lilikuwa kuweka marefa wawili ndani ya uwanja, wenye vipenga viwili na nguvu sawa. Mmoja afuate mpira, mwingine abaki nyuma na watu. Nilimwambia hakuna mahali popote duniani mpira unachezeshwa hivyo. Akasema anajua. Nikamwambia mkoani wakisikia hawatampa daraja. Akasema hilo pia analijua, na kwamba mkoani hawaji Lukole.

Refa wa pili alimpata kambini. Jina lake Ndikuriyo, mrefu, mwenye mvi za mapema, fundi baiskeli kwenye soko la Lukole. Kabla ya vita alikuwa akichezesha kwao Muyinga, ng'ambo ya mpaka, na alipoondoka kule aliacha kila kitu isipokuwa watoto na kipenga. Philbert alipompelekea baiskeli kutengeneza pedeli alimkuta amekifunga shingoni kwa uzi wa katani.

"Amahoro, mwalimu."

"Amahoro. Hicho kipenga unakifanyia nini?"

"Sikifanyii kitu. Nakivaa."

Walizungumza mpaka pedeli ikasahaulika. Philbert alisema Kihangaza cha kwetu, Ndikuriyo akasema Kirundi, na palipokwama wakatumia Kiswahili. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikiwasikiliza. Niliona wivu, nakiri, maana kwa miaka yote sikuwahi kumwona Philbert anacheka juu ya jambo la mpira.

Mechi za kambi na vijiji zilikuwa zimefungwa tangu siku ya Shilinde. Mkuu wa kambi aliwaruhusu wajaribu mara moja, akawaambia wazi kwamba likirushwa jiwe hata moja hakutakuwa na mechi tena. Mwanzoni mwa mwaka 1999 tukarudi kwenye changarawe ile. Philbert na Ndikuriyo waligawana uwanja kwenye mstari wa kati: kipindi cha kwanza Philbert achunge nusu yenye goli la kambini, Ndikuriyo nusu yenye goli la Ntobeye. Na kwa sababu wote wawili walikuwa watu wa haki, walikubaliana kwamba wakati wa mapumziko, timu zitakapobadilishana upande, na wao wabadilishane.

Mechi ikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Ndipo Philbert akaipa Ntobeye penalti, na ilikuwa penalti ya kweli, beki aliushika mpira kama anayebeba mtoto. Dakika nne baadaye Ndikuriyo akawapa kambi penalti, nayo ilikuwa ya kweli. Zote zikaingia, sare ya goli moja kwa moja. Lakini uwanja mzima ulianza kunguruma. Refa wa Ntobeye kawapa Ntobeye, refa wa wakimbizi kawapa wakimbizi. Kila upande ukaapa kwamba umeibiwa. Mawe hayakurushwa, lakini niliwaona watu wawili wameyashika, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu.

Tulirudi Ntobeye. Philbert alisema mambo yamekwisha, wazo lilikuwa la kijinga, kesho atamwambia Ndikuriyo. Tulimkuta Agripina uani anachagua maharage juu ya ungo. Alikuwa ameiona mechi, alikaa na wanawake wenzake nyuma ya goli.

"Baba Joyness," akasema, "mbona ulikaa kwenye goli la wakimbizi mchana kutwa?"

"Sikukaa mchana kutwa. Kipindi cha pili tulibadilishana."

"Na wachezaji?"

"Nao walibadilishana, ndiyo sheria."

"Basi mlihama pamoja," akasema Agripina, akaendelea kuchagua.

Philbert alisimama. Kisha akachuchumaa, akachukua maharage mekundu akayaweka upande mmoja wa ungo, ya njano upande wa pili, na punje mbili nyeusi za marefa. Akayahamisha yote. Punje nyeusi ya kwanza ilikuwa bado imekaa na maharage mekundu. Alirudia tena, pengine akitumaini kwamba ungo umekosea. Mwalimu aliyefundisha hesabu kwa miaka kumi na minane, na refa wa Muyinga aliyechezesha tangu ujana, na mimi mwenye kibendera, sote watatu hatukuliona. Kwa kutafuta usawa tulikuwa tumemweka refa wa Ntobeye kulinda goli la kambini dakika zote tisini, na wa kambini kulinda letu. Agripina akamwambia arudishe maharage yake, anataka kuinjika.

Kuanzia mechi iliyofuata wachezaji walibadilishana upande na marefa wakabaki walipo. Kitu kidogo namna hiyo, na manung'uniko yakapungua nusu. Yaliyobaki waliyarekebisha polepole. Kulikuwa na siku vipenga viwili vililia pamoja, kimoja faulo huku na kingine faulo kule, na wachezaji wakasimama wanacheka. Kulikuwa na ugomvi wa vipimo, maana Ndikuriyo alikuwa mkali kwa makosa ya mikono na Philbert alikuwa mkali kwa makosa ya viatu. Walikaa chini sokoni, kati ya spoku na cheni, wakaafikiana jambo moja lililoshinda mengine yote: akipuliza mmoja wamepuliza wote, na hakuna wa kumuuliza mwenzake mbele za watu.

Mimi niliyekuwa nikipinga naweza kusema kilichobadilika. Viwiko viliisha. Zamani mpira ukienda mbele, nyuma watu walivutana jezi, walikanyagana vidole, walitukaniana mama zao. Sasa beki akigeuka alikuta refa mmoja amesimama hatua kumi kutoka kwake, hana habari na mpira, anamwangalia yeye tu. Vijana walianza kucheza. Philbert naye aliacha kukimbia kinyumenyume na akanenepa kidogo usoni. Miaka miwili ilipita, mechi zaidi ya kumi na tano, na hakuna aliyebebwa kutoka uwanjani. Shilinde alikuwa akija kutazama, anasimama karibu na kona akiegemea baiskeli.

Julai 2001 barua ilifika. Mkaguzi wa marefa, bwana mmoja aitwaye Wiston, angekuja kumpima Mwalimu Philbert kwa daraja la pili, mechi ya Ntobeye na kambi, Lukole. Philbert alikuwa amebakiza miezi mitano kufikisha arobaini na mitano. Aliisoma barua ile mbele yangu kwa sauti, kisha akaisoma tena kimya.

Wiston alikuwa mtu safi, mwenye adabu, na sitaki kumfanya mbaya. Alifika mapema na jalada lake, akasalimia kila mtu, akawekewa kiti chini ya kibanda cha bati. Alipowaona watu wawili wenye vipenga alimwita Philbert pembeni. Nilikuwa karibu, nasokota kibendera kwenye fimbo.

"Mwalimu, yule ni nani?"

"Ni refa mwenzangu."

"Refa wa akiba?"

"Hapana. Tunachezesha pamoja."

Wiston hakucheka. Alieleza taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake, kwamba sheria inasema refa mmoja na washika vibendera wawili, kwamba fomu yake ina nafasi ya jina moja, na kwamba akiwakuta wawili hatakuwa na cha kupima. "Sikatazi mnachofanya hapa siku nyingine," akasema. "Leo chezesha peke yako. Nimesikia sifa zako. Sioni sababu ya wewe kukosa."

Philbert akasema sawa. Halafu akaenda kwa Ndikuriyo. Sikusikia walichosema, ila nilimwona Ndikuriyo anatikisa kichwa kukubali, anavaa koti lake juu ya jezi, na kwenda kukaa kwenye gogo pamoja na watazamaji. Alifanya hivyo bila kununa. Mimi nilifurahi. Nitasema ukweli: nilifurahi kwa ajili ya daraja, na kidogo nilifurahi kwa sababu tulikuwa tumerudi mimi na yeye.

Kipindi cha kwanza Philbert alichezesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa kila mahali penye mpira. Alikimbia tena kinyumenyume, mikono yake ilionyesha bila kusita, kadi moja ya njano ilitoka mahali pake hasa. Niliiona kalamu ya Wiston inatembea. Dakika ya arobaini na moja tulipata kona, kona ikaokolewa, mpira ukatoka kwa kasi kwenda upande wa pili, na Philbert nyuma yake. Mimi nilikuwa nimekodolea macho mstari wa kuotea. Watazamaji wa kambini wakapiga ukelele mmoja.

Kiungo wa kambini, kijana mwembamba aitwaye Bizimana, alikuwa amepiga magoti, damu inamtoka puani na kuchuruzika hadi kifuani. Wachezaji wetu wanne walikuwa karibu, wote wanaangalia pembeni. Philbert alifika, akawatazama mmoja mmoja usoni. Akaniangalia mimi, nikatikisa kichwa. Akamwangalia mshika kibendera wa pili, naye vilevile. Kule kwenye gogo Ndikuriyo alikuwa amesimama wima, mdomo ameufunga, mikono ameiweka nyuma. Philbert hakuwa na ruhusa ya kumuuliza. Akaamuru mpira udundwe, mchezo ukaendelea, na baada ya dakika chache akapuliza mapumziko.

Hakunywa maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye gogo, nami nikamfuata.

"Umeona?" akamuuliza Ndikuriyo.

"Nimeona."

"Usiniambie ni nani. Ulikuwa mtazamaji." Akamwonyesha uwanja. "Vua koti."

Nilimshika mkono. Nilimwambia, "Mwalimu, zimebaki dakika arobaini na tano tu. Maliza, upate daraja lako, halafu wiki ijayo mrudi wawili kama kawaida. Nani atakulaumu?"

"Na huyu wa leo?" akasema, akanielekeza kwa kidevu. Bizimana alikuwa amekaa chini, kichwa ameinamisha, anajifuta kwa jezi yake mwenyewe. Nikamwachia mkono, na mpaka leo ushauri ule unanichoma, kwa sababu ulikuwa ushauri mzuri.

Kipindi cha pili wakaingia wawili. Philbert hakwenda kumwomba Wiston radhi wala kumweleza. Wiston alisimama, akaona hakuna anayemwangalia, akakaa tena, akafunga jalada. Hakuondoka, na hilo lazima nimpe heshima yake.

Haikupita robo saa. Mpira ulikuwa mbali, Philbert yuko nao, sisi sote tuko nao. Kipenga kikalia nyuma yetu. Ndikuriyo alikuwa amesimama karibu na Renatus, beki wetu wa kati, kijana aliyesomeshwa hesabu na Philbert darasa la nne mpaka la saba, na chini yao alikuwa Bizimana kwa mara ya pili, ameshika shavu. Ndikuriyo akanyoosha mkono kumwonyesha Renatus njia ya kutoka. Kadi nyekundu ilikuwa moja tu, na alikuwa nayo Philbert mfukoni.

Upande wa Ntobeye ulilipuka. Mkimbizi anamtoa mtoto wetu, kwenye ardhi yetu, kwa kosa ambalo hakuna Mhangaza aliyeliona. Watu waliingia hatua mbili ndani ya mstari wa majivu. Philbert alikimbia karibu nusu nzima ya uwanja. Alipofika, Renatus alikuwa analia kwa hasira.

"Mwalimu, umeona kitu wewe? Sema! Umeniona?"

"Sijakuona," akasema Philbert kwa sauti ambayo hata nyuma ya goli waliisikia. "Amekuona yeye. Tumo wawili." Akatoa kadi.

Nilidhani watamrarua. Kilichowazuia sikukijua wakati ule na sikijui vizuri sasa. Labda ni kwamba alisema hakuona. Tulikuwa tumezoea marefa wanaoona kila kitu. Renatus alivua jezi, akatoka, akapita karibu na kona aliposimama Shilinde na baiskeli yake, na hakuna kati yao aliyemwangalia mwenzake. Watu wa Ntobeye wakarudi hatua zile mbili. Tulifungwa mbili kwa moja.

Baada ya mechi Wiston alimsubiri pale kwenye kibanda. Philbert alikwenda akiwa amelowa jasho, akasimama mbele yake mikono imenyooka, kama mwanafunzi. Nilibaki pembeni nikijifanya nakunja kibendera.

"Umeniumiza, mwalimu," akasema Wiston, na nadhani alisema kweli. Alifungua jalada akamwonyesha fomu. "Wanaohitajika ni wa sabini na tano kwenda juu. Angalia mwenyewe. Kipindi cha kwanza nimekupa themanini na mbili. Tangu nianze kazi hii sijampa mtu wa daraja la tatu alama hizo. Ungemaliza vilevile tu."

Philbert aliisoma ile namba, akamwangalia Wiston.

"Yule kijana aliyetokwa damu puani kipindi cha kwanza," akasema, "wewe ulimwona aliyempiga?"

"Hapana," akasema Wiston. "Nilikuwa naangalia mpira."

"Hata mimi," akasema Philbert. "Na umenipa themanini na mbili."

Wiston alibaki ameishika kalamu. Hakuandika kitu kwenye nafasi ya kipindi cha pili, na fomu ambayo haijajazwa yote haipokelewi mkoani wala haitoi daraja.